UGONJWA SI UTORO
Uhakiki wa fikra zetu kuhusu fidia ya mtumishi wa umma anayeachishwa kazi

Katika kazi ya siasa, kosa dogo la maneno huzaa kosa kubwa la vitendo. Mtu akiitwa adui atatendewa kama adui. Akiitwa mzembe atatendewa kama mzembe, hata kama kitandani alipolala hawezi kunyanyua kikombe cha maji. Kwa sababu hiyo tumeona ni wajibu wetu kulichambua suala ambalo kwa muda mrefu limeachwa mikononi mwa makarani wa majalada: mtumishi wa umma anapoachishwa kazi kwa sababu ya kukosekana kazini kwa ugonjwa, au kwa sababu kazi yake haikufikia kiwango, anastahili kulipwa nini, na kwa msingi gani?

Wako wanaosema kwamba suala hili ni la wanasheria na maafisa utumishi, wala halina nafasi katika darasa la itikadi. Sisi hatukubali. Sheria ni chombo. Anayekishika chombo ni mtu, na mtu huyo huongozwa na fikra. Barua ya kumwachisha mtu kazi, mwananchi anayeipokea huihesabu kuwa ni kauli ya Serikali yake na ya Chama kinachoiongoza. Kwa hiyo barua hiyo ni tendo la kisiasa, apende asipende aliyeitia sahihi.

Hoja yetu ni hii. Ugonjwa si kosa. Udhaifu wa kazi si lazima uwe kosa. Na fidia si sadaka. Fidia ni deni. Kinachotakiwa ni kujua deni hilo ni la nani kwa nani, na aliyelisababisha ni nani. Tunazungumzia Tanzania Bara; Zanzibar ina sheria zake za kazi na za utumishi, ingawa msingi wa utu ni mmoja.

NENO "UTORO" LILIKOTOKA

Katika karne ya 19, mwambao wa Afrika Mashariki ulipokuwa na mashamba ya watumwa, mtoro alikuwa ni mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Watoro walijenga vijiji vyao wenyewe bara ya pwani ya Kenya, kama Fuladoyo, wakaishi humo kama watu huru. Bwana hakuuliza kama mtumwa wake ameondoka kwa sababu ya mjeledi, njaa au homa. Yeye alihesabu mikono iliyopungua shambani, basi.

Ukoloni wa Kiingereza ulipofika Tanganyika ulilichukua jicho hilo hilo la bwana ukalivisha joho la sheria. Sheria ya mabwana na watumishi wenyeji ya mwaka 1923 ilimfanya kibarua Mwafrika aliyekosekana kazini bila ruhusa kuwa mhalifu wa kupelekwa mahakamani, kama mwizi. Kwa upande wa watumishi wa Serikali, kanuni ya Kiingereza ilisema kwamba mtumishi hukaa kazini kwa ridhaa ya Mfalme. Mfalme asiporidhika, mtumishi huondoka, wala hakuna wa kuuliza sababu. Katika mawazo hayo mawili fidia haiwezi kuzaliwa, maana mtu hadaiwi fidia kwa kitu ambacho hakikuwa haki ya mwenzake.

Uhuru ulibadili msingi huo, ingawa si kwa siku moja. Mwaka 1964 Bunge lilitunga sheria ya ulinzi wa ajira, iliyojulikana kama Sura ya 574. Kwa wafanyakazi wengi wa viwandani, mashambani na mashirikani sheria hiyo iliorodhesha makosa na adhabu zake kwa ngazi, ikaunda kamati za wafanyakazi mahali pa kazi na mabaraza ya usuluhishi. Mwajiri hakuweza tena kusema "ondoka" akaishia hapo. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 ukaanzisha mabaraza ya wafanyakazi, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukawakemea viongozi wenye kiburi na ubwana. Maana yake kwa itikadi ilikuwa kubwa: kazi si hisani ya bwana kwa mtumishi, ni haki ya raia na wajibu wake. Ndivyo Katiba ya mwaka 1977 inavyosema katika ibara za 22 na 25.

Pamoja na hayo yote, neno "utoro" lilibaki ndani ya majalada. Lilibaki kwa sababu ni neno rahisi. Linamwokoa mkubwa wa kazi na taabu ya kuuliza. Ndiyo maana tunalikosoa hapa kabla ya kuzikosoa sheria zenyewe.

SIKU 5 NA SIKU 126

Tuziangalie sheria zilivyotungwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliwahusu wafanyakazi wa Bara pamoja na walioko katika utumishi wa umma, isipokuwa majeshi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Iliweka likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ilimradi mfanyakazi alete cheti cha tabibu anayetambuliwa.

Kwa upande mwingine, Kanuni za Utumishi wa Umma za mwaka 2003 ziliweka kwamba kukosekana kazini bila ruhusa au sababu ya maana kwa zaidi ya siku 5 ni kosa ambalo adhabu yake ni kufukuzwa. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2007 chini ya sheria ile ya 2004 nazo ziliyaweka makosa ya aina hiyo katika kundi la makosa makubwa.

Basi mtumishi mmoja, akiwa kitanda kimoja, na homa moja, anaweza kuwa mgonjwa mwenye haki ya siku 126 au mtoro wa siku 6. Kinachoamua ni karatasi moja ya hospitali, na kama yuko mtu ofisini aliyejali kuuliza. Sisi hatusemi kwamba cheti hakihitajiki. Bila cheti, wavivu wangeugua kila Jumatatu. Tunachosema ni kwamba kukosekana kwa cheti kunathibitisha kukosekana kwa cheti tu, hakuthibitishi utoro. Wako wagonjwa ambao ugonjwa wenyewe ndio unaowazuia kuleta cheti: aliyepatwa na maradhi ya akili, aliyelazwa mbali na kituo chake, mwenye kifua kikuu anayeogopa kusemwa. Kiongozi wa kweli huanza kwa swali "yuko wapi?" ndipo aulize "amekosa siku ngapi?" Mnyapara huanza na la pili.

Ni haki kusema kwamba kanuni zile zile za 2007 zina mafundisho mazuri ambayo makada wengi hawajayasoma. Zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mgonjwa, aangalie chanzo cha ugonjwa, ukubwa wake, kama ni wa muda au wa kudumu, na kama inawezekana kumbadilishia kazi au kuirekebisha ile aliyo nayo. Na ikiwa ugonjwa au jeraha limetokana na kazi, mwajiri ajitahidi zaidi kumpatia nafasi. Fikra hiyo si ya kwetu peke yetu. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 158 wa mwaka 1982 unasema kwamba kukosekana kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa au jeraha si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na majirani zetu Uganda, Zambia, Malawi na Kongo wameuridhia.

Kuhusu udhaifu wa kazi, kanuni hizo zinauliza maswali ambayo kila kiongozi angepaswa kuyajua kwa moyo. Je, kiwango cha kazi kiliwekwa? Je, mtumishi alikijua? Je, alielekezwa na kupewa muda wa kujirekebisha? Je, udhaifu ulitoka kwake au kwa mazingira ya kazi? Ili maswali hayo yapate majibu, Serikali ilianzisha mwaka 2004 mfumo wa wazi wa mapitio na upimaji wa utendaji kazi, uliojulikana zaidi kwa jina la OPRAS, na katika mwaka wa fedha 2023/24 ikaanza kutumia mahali pake mfumo wa kompyuta uitwao PEPMIS. Lakini kompyuta haiponyi ugonjwa wa unafiki. Mahali ambapo mkubwa na mtumishi walikuwa wakijaza fomu siku ya mwisho ya mwaka ili faili lisiwe tupu, watajaza na mashine vivyo hivyo. Siku mkubwa huyo anapotaka kumwondoa mtumishi, hana ushahidi wowote wa udhaifu, na ndipo anapolikimbilia lile neno rahisi: utoro.

MAFUNGU MATATU YA FEDHA

Kosa la pili la maneno limo katika neno "fidia" lenyewe. Katika mazungumzo ya ofisini kila fedha anayopewa mtu anayeondoka huitwa fidia, na mwenye kuitoa hujiona amefanya hisani. Hapana budi tutenganishe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni stahili: mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hakuichukua, malipo ya taarifa, kiinua mgongo, na mafao yanayotokana na michango yake. Hii si fidia hata kidogo. Ni jasho lililowekwa akiba. Sheria ya 2004 ilipotungwa iliweka kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kisizidi miaka 10. Yaani, aliyefanya kazi miaka 10 na aliyefanya miaka 25 wote wawili wamehesabiwa siku 70. Aidha, sheria hiyo ilimnyima kiinua mgongo aliyeachishwa kwa haki kwa utovu wa nidhamu, lakini haikumnyima aliyeachishwa kwa kukosa uwezo wa mwili au wa kazi, isipokuwa kama amekataa bila sababu kazi nyingine aliyopewa. Hapo msomaji ataona kwa nini neno "utoro" ni ghali: mgonjwa anapobatizwa jina la mtoro, anahamishwa kutoka kundi la wasioweza hadi kundi la wakosaji, na haki yake inabaki njiani.

Fungu la pili ni fidia ya mwili. Huyu ni mtu aliyeumia kazini au aliyepata ugonjwa kutokana na kazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao ulianza kazi mwaka 2015 na kuwahusu wafanyakazi wa sekta ya umma na ya binafsi. Mchango wake hutolewa na mwajiri, haukatwi katika mshahara. Huo ni ushindi wa wafanyakazi, maana unakiri kwamba kazi ndiyo iliyoula mwili huo. Muuguzi aliyeambukizwa kifua kikuu wodini haombi msaada kwa mtu, anadai.

Fungu la tatu ni fidia ya uonevu. Huyu ni mtu aliyeachishwa bila sababu halali au bila utaratibu wa haki. Sheria ya 2004, kama ilivyotungwa, ilitoa njia tatu: kurudishwa kazini kama vile hakuondoka, kuajiriwa upya kwa masharti, au kulipwa fidia isiyopungua mshahara wa miezi 12. Sheria hizi zimefanyiwa marekebisho mara kadhaa, na kada hana budi kusoma toleo la karibuni kabla ya kumshauri mtu. Lakini mgawanyo wa mafungu haubadiliki, kwa sababu umejengwa juu ya tofauti ya vitu vyenyewe: akiba, mwili na haki.

Kuchanganya mafungu haya kunazaa dhuluma. Ofisi inamlipa mtu stahili zake za fungu la kwanza, inamwambia ametendewa wema, na yeye kwa kutojua anaacha kudai la pili au la tatu. Wapo watakaotukumbusha suala la vyeti. Ni kweli: tarehe 28 Aprili 2017 Serikali ilitangaza mjini Dodoma kwamba watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa. Lakini mwaka 2022 Serikali hiyo hiyo iliamua kuwarudishia watumishi wa namna hiyo michango waliyokuwa wamekatwa katika mishahara yao. Hilo lilikuwa jambo la haki, na lilikubali kwamba hata aliyekosa, akiba yake ni yake. Sasa tunauliza: ikiwa mwenye cheti cha kughushi hakupoteza akiba yake, ni kwa itikadi gani mgonjwa ahangaike miezi na miaka kutafuta ya kwake?

TUKITAZAMA KUTOKA MWAMANYILI

Nadharia isiyopimwa kijijini ni mchezo wa maneno. Tuchukue kata ya Mwamanyili, katika Wilaya ya Busega. Wilaya hii ilikuwa sehemu ya Magu, Mkoa wa Mwanza, hadi ulipoundwa Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, makao makuu yakiwa Bariadi. Ni nchi ya wakulima wa pamba, wafugaji na wavuvi, kando ya Ziwa Victoria. Watumishi wa umma katika kata ya namna hii ni wa kuhesabika: walimu, wahudumu wa afya, watendaji wa vijiji na wa kata, afisa ugani. Hatumsemi mtu fulani hapa. Tunazisema kazi zilivyo.

Malaria na kichocho ni maradhi ya ukanda wote wa ziwa. Mwalimu wa kata hiyo akiugua sana, matibabu ya kibingwa yako Bugando, Mwanza. Barua za kazi zinatoka Nyashimo, makao makuu ya wilaya. Shughuli za mkoa ziko Bariadi. Na kutoka Lamadi, iliyo katika wilaya hiyo hiyo ya Busega, barabara ya kwenda Bariadi ni kilomita zipatazo 72. Mgonjwa amelala magharibi, jalada lake liko kaskazini, ngazi inayofuata iko mashariki. Kati ya pointi hizo tatu siku 5 hupita upesi sana.

Tumtazame sasa afisa ugani. Simiyu ni mkoa unaoongoza kwa pamba nchini. Upandaji huanza katikati ya mwezi wa Novemba mvua zinapokuwa zimeshika, na kila juma linalopita bila ushauri ni hasara kwa mkulima. Afisa ugani asiye na pikipiki, au mwenye pikipiki isiyo na mafuta, hawezi kuvifikia vijiji vyake. Mwisho wa msimu takwimu zinaonyesha hakufikia kiwango. Mkubwa wake atasema: mchagua jembe si mkulima. Methali ni nzuri, lakini haimhusu mtu huyu. Yeye hakuchagua jembe, hakupewa jembe. Kumwachisha kwa udhaifu wa kazi ni kumtoza yeye gharama ya bajeti iliyomshinda mtu mwingine.

Na akionewa, aende wapi? Tangu marekebisho ya mwaka 2016, Sheria ya Utumishi wa Umma ilimtaka mtumishi amalize kwanza njia za rufaa zilizomo katika sheria hiyo kabla ya kukimbilia sheria za kazi. Mwaka 2022, katika shauri lililohusu Shirika la Posta, Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba Tume ya Usuluhishi na Uamuzi haikuwa na mamlaka ya kusikiliza mgogoro wa mtumishi wa umma wa namna hiyo. Njia yake ni mamlaka ya nidhamu, kisha Tume ya Utumishi wa Umma, kisha Rais. Kanuni za 2003 zilimpa siku 45 za kukata rufaa.

Hatupingi kwamba utumishi wa umma uwe na nyumba yake ya kumaliza migogoro. Mtumishi wa umma anahudumia taifa, si duka la mtu. Lakini nyumba hiyo ina mlango mmoja, nao uko mbali na Mwamanyili. Mfanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba anaweza kulipeleka shauri lake mbele ya msuluhishi. Mwalimu anayemfundisha mtoto wa mfanyakazi huyo anaandika rufaa kwa mkono, mara nyingi bila msaada, akiwa bado mgonjwa, kuyajibu maandishi ya mwajiri mwenye mwanasheria. Huo si uwiano wa nguvu tunaoweza kujivunia.

MAKOSA MAWILI YA MSIMAMO

Katika madarasa ya siasa tumekutana na misimamo miwili kuhusu suala hili. Yote miwili inajiona ya kimapinduzi, na yote miwili ni ya makosa.

Msimamo wa kwanza ni wa ukali wa mnyapara. Huu hujificha nyuma ya kaulimbiu za Chama. Tangu "Uhuru na Kazi" ya mwaka 1961, kupitia sheria ya nguvu kazi ya mwaka 1983, hadi "Hapa Kazi Tu" ya mwaka 2015, Chama kimewahimiza watu kufanya kazi, na kilikuwa sahihi. Lakini mnyapara huisoma nusu ya kaulimbiu. Azimio la Arusha la mwaka 1967, liliposema kwamba katika nchi ya kijamaa kila mtu ni mfanyakazi, liliwatoa katika sharti hilo watoto, wazee na wasiojiweza. Ujamaa haukuwa kambi ya kazi. Ulikuwa ni jamaa, na katika jamaa mgonjwa haulizwi uji. Anayemfukuza mgonjwa kwa jina la Azimio hajalisoma Azimio.

Msimamo wa pili ni wa huruma ya uongo. Huu husema: mtumishi wa umma naye ni mtoto wa masikini, asiguswe. Mwalimu asiyeingia darasani kwa ulevi anaachwa. Muuguzi anayewatukana akina mama wajawazito anahamishwa tu. Na anahamishiwa wapi? Kijijini, mbali na macho ya wakubwa. Hapo ndipo huruma hiyo inapoonyesha ubaya wake: inaifanya kata kama Mwamanyili kuwa jalala la uzembe wa mjini. Mkulima anayelipa kodi katika kila sabuni na kila lita ya mafuta ya taa anapewa mtumishi aliyeshindikana kwingine. Kumhurumia mmoja kwa kuwaonea mia tano si huruma, ni ufisadi wa moyo.

Mzizi wa makosa haya mawili ni uvivu wa kupambanua. Mnyapara anawatia wote katika kapu moja la wakosaji; mwenye huruma ya uongo anawatia wote katika kapu moja la wanyonge. Kumbe wako watu wanne. Wa kwanza ni mgonjwa: huyu atibiwe, apewe muda wake wa kisheria, abadilishiwe kazi ikiwezekana, na ikishindikana astaafishwe kwa ushauri wa madaktari na kulipwa fungu lake bila kuzungushwa. Wa pili ni asiyejua kazi: huyu afundishwe na kupewa muda. Wa tatu ni aliyenyimwa vifaa: huyu hana kosa, na mwenye kujieleza ni mkubwa wake. Wa nne ni asiyetaka kazi: huyu, baada ya kuonywa na kusikilizwa, aondoke, tena bila fidia ya uonevu, kwa sababu hakuna uonevu. Kada asiyeweza kuwatenganisha watu hawa wanne hafai kupewa madaraka juu ya watu.

NANI ALIPE?

Sasa tunafika kwenye kiini. Mtumishi akishinda rufaa yake, fidia au malimbikizo ya mshahara hutoka wapi? Hutoka katika fedha za umma. Yaani, mkubwa mmoja amekasirika, ametia sahihi barua bila kumsikiliza mgonjwa, na hukumu ikija anayelipa ni mkulima wa pamba wa Busega. Mkubwa huyo wakati huo amekwisha hamia wilaya nyingine, pengine kwa cheo cha juu zaidi.

Sheria ya 2004, ilipotungwa, ilimruhusu mwajiri aliyeamriwa kumrudisha mfanyakazi kazini akatae, mradi amlipe miezi 12 pamoja na mishahara ya muda wote tangu alipoachishwa hadi siku ya malipo ya mwisho. Kwa bepari sharti hilo lina mantiki yake: analipa kwa mfuko wake, na mfuko ukiuma anajifunza. Lakini mkuu wa ofisi ya umma akipewa nafasi ya namna hiyo ananunua kiburi chake kwa fedha za wenzake. Fidia isiyomgusa aliyekosea haimfundishi mtu yeyote. Inakuwa kodi ya uonevu inayolipwa na walioonewa.

Haitoshi, kwa hiyo, kudai fidia iongezwe. Wanaosimama hapo wanaliona suala kwa jicho la chama cha wafanyakazi peke yake. Sisi tunadai mambo mawili kwa pamoja: mtumishi aliyeonewa arudishwe kazini au alipwe mapema, na mwenye kumwonea kwa makusudi au kwa uzembe adaiwe. Sheria ya Fedha za Umma ya mwaka 2001 iliweka msingi wa kumdai mtumishi anayeitia Serikali hasara kwa uzembe wake. Kufukuza watu ovyo ni hasara kama kupoteza gari la Serikali. Tunauliza kwa nini gari likipotea tume huundwa, na mtu akipotea jalada hufungwa.

KAZI YA KADA

Ukosoaji usioonyesha njia ni kelele. Tunapendekeza makada na wanafunzi wa siasa wayashike mambo yafuatayo.

Kwanza, neno "utoro" lisitumike katika barua wala kikao kabla ya kuthibitika kwamba mtumishi yu mzima na hakutaka kuja. Kabla ya hapo neno sahihi ni "kukosekana".

Pili, kabla ya hati ya mashtaka kuandikwa, mtu atumwe nyumbani kwa mtumishi. Katika kata mtendaji, mwenyekiti wa kijiji na balozi wa mashina wanajua nani mgonjwa na nani yuko kilabuni. Serikali yenye mikono mirefu kiasi hiki haiwezi kujitetea kwamba haikujua.

Tatu, taarifa ya udhaifu wa kazi isipokelewe bila taarifa ya vifaa. Mkubwa aandike mtumishi alipewa nini, lini, na alielekezwa mara ngapi.

Nne, mabaraza ya wafanyakazi yafufuliwe yawe mahali pa kusema, yasiwe mkutano wa kupitisha bajeti kwa makofi. Kila anayekabiliwa na kuachishwa aambiwe kwa maandishi, kwa Kiswahili anachokielewa, mafungu matatu ya haki zake na siku alizo nazo za kukata rufaa.

Tano, kila hukumu ya fidia inayolipwa na halmashauri isomwe mbele ya madiwani pamoja na jina la cheo kilichofanya uamuzi uliotenguliwa. Wananchi wana haki ya kujua wanalipia kosa la nani.

Yako mengine yanayohitaji Bunge na fedha, na hayo hayafanywi na kada mmoja. Lakini kwenda kumtazama mtumishi nyumbani kwake hakuhitaji Bunge. Kunahitaji kiongozi anayeamini kwamba yule aliyelala si mkono uliopungua shambani kwa bwana, bali ni ndugu aliyeishiwa nguvu katika kazi ya wote. Chama kilichozaliwa kuuvunja ubwana hakiwezi kukubali uendelee kuishi ndani ya barua zake.